Kisanduku cha Tano

Nilipanda na fomu, kalamu ya risasi, na neno moja
nililoliokota katika kamusi ya lahaja, maktaba ya Leeds,
ukurasa wenye doa la chai:
*swidden*. Nyika iliyopitiwa na moto.
Wazee wachache wa nyanda za juu, kamusi ilisema, bado wanalo.
Nikalitia mfukoni kama mtoto aliyeokota sarafu ya kale
na sasa anatafuta duka litakaloipokea.

Kisanduku cha tano kiliuliza: *Aina ya eneo.*

Thirza Garbutt alinisubiri penye lango la kondoo,
koti la marehemu mumewe, mkanda wa kamba ya kufungia nyasi.
Hakunisalimu. Aliangalia viatu vyangu.
"Hivyo vitayeyuka," akasema, akatangulia.

Ekari mia mbili na kumi. Nyeusi mpaka upeo,
weusi usiong'aa, wa sufuria iliyosahauliwa jikoni.
Vichaka vya kufagilia, ambavyo Agosti huwa zambarau
hata nyuki wakalewa, vilibaki vijiti,
na kila kijiti kilichora mstari wake kwenye suruali yangu.
Uzio ulikuwa waya tu, umelala, hauna cha kuzuia.
Kwale mmoja alitembea katikati kama mtu
aliyeingia chumbani akasahau alichofuata.

Nikaona huu ndio wakati. Nikasema, kwa fahari kidogo:
"Kumbe hii ndiyo swidden."

Alisimama.

"Nani kakwambia?"

Nikataja kamusi. Akacheka bila kufungua mdomo.

"Swidden ni Machi.
Ni mimi na Edwin na wale ndugu wawili wa kina Agar,
chini kumelowa, juu kumekauka,
upepo umeulizwa asubuhi, ukaulizwa tena mchana.
Ni gunia bichi begani. Ni ukanda mwembamba,
upana wa kutupa jiwe, na kando yake
pa kukimbilia kila chenye miguu.
Moto unapita kama mgeni anayejua kupiga hodi,
unakula ulichoandaliwa, unaondoka.
Mwaka wa pili machipukizi, kondoo wanagombana.
Swidden ina mwenyewe. Ukiniuliza nani aliwasha
nitakutajia jina, na jina la baba yake.

Hapa hapakuchomwa, kijana.
Hapa pameungua."

Akapiga goti moja, akatoa neno baya, akapiga la pili,
akauchukua mkono wangu, akaulaza chini.
Joto.
Wiki tatu tangu wazima moto wakunje mipira yao
na mboji ya miaka elfu sita ilikuwa bado inaliwa
huko chini, gizani, polepole,
na kitu kisicho na haraka wala mdomo.

"Kijiko cha bati, kile cha kutumia mara moja ukatupa.
Vijana wanne na soseji zao.
Si wabaya. Walirudi kuomba radhi, msichana mmoja analia.
Nikawapa chai. Ningefanyaje?"

"Basi hii inaitwaje?" nikauliza, kalamu tayari.

Alitazama mbali, kwa muda mrefu, midomo ikicheza.
Nilidhani analitafuta neno.
Alikuwa anahesabu kondoo.

"Haijapewa jina," akasema alipofika arobaini na moja,
na nikajua kwa sauti yake kwamba walipaswa kuwa zaidi.
"Zamani haikuwako."

Ofisini fomu ilirudishwa mara mbili.
Niliandika, nikafuta, nikaandika, nikafuta,
mpaka kisanduku cha tano kikatoboka,
na hivyo hivyo, na tundu lake, wakaipokea.

Soli ya kiatu cha kushoto imekunjamana kisiginoni.
Sijavitupa. Kwenye sakafu ya ofisi
mguu mmoja hulia kama wa watu wote,
mwingine kama mtu anayekanyaga kitu
asichojua kama kimezimika.